Kumfuata Muhindo kwa Pikipiki, Butembo hadi Beni

Tuliondoka Butembo kwa sababu ya habari iliyofika kwa foni ya kanisa, ile redio ya kupashana habari: Muhindo yuko hai. Shemeji yangu huyo alikuwa amekwenda Kisangani kusoma, vita vikafunga njia, na kwa miaka mitatu hatukusikia neno lake. Sasa alikuwa amefika Beni kwa miguu, kupitia porini, na Ijumaa jioni angepanda lori la kwenda Kasindi, mpakani, ili avuke kuingia Uganda akatafute kazi. Kuja kwetu hakuthubutu, maana kwenye barabara kuu karibu na Kalunguta wenye bunduki walikuwa wakiwashusha vijana kwenye magari na kwenda nao. Mke wangu Masika alikuwa amejifungua siku kumi tu zilizopita. Wa kwenda kumwona alibaki mama yao, na mwenye pikipiki nilikuwa mimi, fundi wa kuzitengeneza.

Hapo ndipo penye tatizo. Kwetu Wanande, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Miaka saba nilikuwa namsalimu nimeinamisha macho, na hatukuwahi kula meza moja. Leo tungekalia kiti kimoja, na barabara kuu tungeikwepa kwa kupita milimani.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito hata taa ya mbele haikufika popote. Mama alikaa upande, miguu pamoja, mikono yote miwili imeshika chuma cha nyuma ili asiniguse. Majirani walitoka kutazama. Sikuwalaumu.

Mlima wa Kyondo, saa moja na nusu. Njia inapanda ikijikunja kati ya mikaratusi na mashamba ya poro, vile vitunguu vya majani, na kabichi. Vijana walikuwa wakishuka na chukudu zao, baiskeli za mbao zisizo na pedali, zilizojaa viazi, nasi tukawapisha. Kwenye kona ya nne mimi niliinama kushoto, Mama akainama kulia. Gurudumu la nyuma likateleza, na tukajikuta sote wawili tumekaa kwenye matope.

Nilianza kuomba radhi huku natazama pembeni. Alinikatiza.

"Kambale, hii kukaa kando-kando itatuua. Unionyeshe vile batu banakaa."

"Mama, inafaa ukae sawa mwanaume, unikamate mu mukanda. Nikiinama, na wewe uiname. Lakini desturi..."

"Desturi haina mutoto ku Beni. Miye niko na mutoto kule."

Akakaza kikwembe chake kiunoni, akapanda kama mwanaume, akanishika mkanda kwa nguvu ya mtu aliyelima maisha yake yote. Kuanzia hapo njia ikawa tamu. Kona ikija, tuliinama pamoja. Pikipiki iliimba kwenye gia ya pili, ikanyamaza kwenye mteremko, ikaimba tena. Ukungu ulipopasuka juu ya mgongo wa mlima, tuliona upande wa mashariki theluji ya Ruwenzori, na chini kabisa ziwa likimetameta. Nilidhani Mama amefumba macho. Nikasikia sauti sikioni: "Ongeza kidogo."

Saa nne tulifika kwenye kizuizi, mwanzi mmoja uliolazwa kati ya mawe mawili. Askari akapaza sauti kwa Lingala, "Telema!", nami nikasimama. Mkubwa wake alitaka pikipiki yangu, kwani yake ilikuwa imekufa tangu juzi. Bila pikipiki, Beni ingekuwa ya kesho, na kesho Muhindo hayupo.

"Chef, miye ni fundi," nilisema. "Acha nione yako kwanza."

Kabureta ilikuwa imejaa uchafu. Niliifungua juu ya jani la mgomba, nikaizibua kwa uzi mmoja wa kebo ya breki. Mama hakushuka kwenye kiti chetu hata mara moja, kana kwamba akishuka tu itachukuliwa. Ilipita saa nzima. Pikipiki ya mkubwa ilipokohoa na kuwaka, aliizungusha mara mbili, akacheka peke yake, akatuinulia mwanzi.

Beni, saa tisa na nusu. Tulifika tumelowa, maana mvua ilitushika kwenye miteremko ya mwisho. Mlinzi wa nyumba aliyofikia Muhindo alitutazama kwa huruma.

"Lori ilishaenda, Mama. Nusu saa bado haiishe. Shofere aliogopa mvua."

Mimi nilizima injini. Mama akanigonga bega.

"Washa, baba."

Sijawahi kuendesha vile, kabla wala baadaye. Barabara ya Kasindi ilikuwa imelowa, alama za matairi ya lori bado mbichi katikati yake. Kila kona nilitegemea kuliona, na kila kona ilikuwa tupu. Kisha tukanusa moshi wa mazuti, dizeli ya lori. Kisha tukaliona, linapanda polepole, watu wamejaa juu ya magunia. Honi yangu haikusikika. Mama akasimama wima kwenye vikanyagio, mkono mmoja begani mwangu, mwingine ukipunga kitambaa cha kichwa. Watu wa juu wakaanza kugonga kabini.

Muhindo alishuka kama aliyeanguka. Alikuwa amekonda, na ana ndevu.

"Mama, ni wewe uko ku pikipiki?"

Mama alimshika uso, akamshika masikio, akatazama miguu yake iliyojaa makovu. Wakakaa kwenye nyasi wameshikana mikono. Dereva alisubiri kidogo, kisha akapiga honi.

"Mama, nirudi na nyinyi?" Muhindo aliuliza.

"Hapana. Huku batakukamata. Enda. Nilikuya kukuona, na nimekuona."

Jumamosi tulirudi kwa njia ileile. Jua liliwaka, na Mama aliimba nyimbo za kanisa kwenye kila mteremko. Mimi nikamwitikia kwa sauti ya besi.

Nimejifunza nini? Kwamba kwa miaka saba nilimheshimu mtu nisiyemjua. Sasa namjua anavyocheka kona ikiwa kali, na anavyolia bila sauti. Kutoka kwenye lori lile hadi Beni nilisikia machozi yake mgongoni mwangu. Jumapili, baada ya ibada, nilimsalimu nimeinamisha macho kama inavyopaswa. Naye akajibu kwa adabu zote, kisha akauliza kama petroli imebaki.