Kifuniko cha Mafuta ya Mbarika

“Mama, umupatie kijiko kila asubui, tumbo itazoea,” muuzaji wa dawa wa Kitshanga aliniambia, akifungua chupa ya mafuta ya mbarika mbele ya mutoto wangu mwenye choo ngumu. Nikaisukuma ile chupa, ikaanguka.

Harufu ileile. Utotoni, kila Jumamosi shangazi alitupanga kando ya zizi, akatunywesha mafuta hayo kwa kifuniko cha bidoni ya maziwa, ati tuingie kanisani na tumbo safi.

“Kunywa. Mungu hapendi mavi.”

Tumbo langu lilizoea kweli: juma nzima lilikaa kama jiwe, likingoja kifuniko.

Kwa mukubwa wa kituo cha afya niliandika: “Muuzaji huyu anaharisha watoto kila siku, bila kuuliza hata kama wanakunywa maji. Mumukataze, ao anywe yeye kwanza, mbele yetu.”