Siku Kumi na Moja Ndani ya Kofia

Mimi ni Lyle Skaar, mwana wa Torvald Skaar, mwana wa Nils Skaar.

Babu yangu Nils aliingia jimbo la Montana, Marekani, na ng'ombe kumi na wawili na Biblia moja. Alipofariki, hakupatikana mtu katika kaunti nzima ya Bitter Fork aliyeweza kusema kwamba aliwahi kudanganywa naye. Baba yangu Torvald alikuwa mwamuzi wa farasi katika maonesho ya kaunti yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alimnyima ushindi hata mke wake, mama yangu mzazi, kwa kuwa farasi wake alikuwa na goti bovu.

Nawataja ili msomaji ajue kwamba aibu ninayoisimulia hapa haikuanza na wao.

Ilianza na mimi.

Kiangazi kilichopita, mjukuu wangu alikaa siku kumi na moja bila kuvua kofia.

Sisemi kwamba aliivaa sana. Nasema siku kumi na moja, juani, mvuani, akila, akilala, akipiga mswaki.

Nami, niliyekuwa naye muda wote, nilimgombeza siku zote kumi na moja.

Jina lake ni Taryn. Ana miaka kumi na tisa, naye ndiye malkia wa rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi na fahali, wa kaunti yetu. Wasiojua hudhani umalkia ni kujipamba na kupunga mkono. La hasha. Malkia huingia uwanjani farasi akiwa mbio, bendera mkononi, tabasamu usoni, na kofia yenye taji kichwani, nayo haitakiwi kuteleza hata kidogo.

Kofia ikianguka mara tatu katika msimu mmoja, taji linakwenda kwa msichana wa pili. Malkia akikosa onesho lolote alilopangiwa, taji linakwenda kwa msichana wa pili.

Msichana wa pili alikuwa binti wa Charlene Pruitt. Mama huyo alihudhuria kila onesho akiwa na darubini.

Kufikia Julai, kofia ya Taryn ilikuwa imeshaanguka mara mbili, na yalibaki maonesho manne.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ni macho yangu. Nina miaka sabini na minane. Miwani ninayo, ila ilikuwa inakaa mfukoni. Niliona haifai mtu wa ukoo wangu aonekane mbele ya farasi akiwa na vioo usoni.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu Janeen, mama yake Taryn, alinikalisha jikoni. Yeye ni muuguzi, na huongea na watu wote kana kwamba wamelazwa.

"Baba, mara ya kwanza uliingiza pikapu kwenye banda la kuku ukidhani ni gereji."

"Banda lilijengwa mahali pabaya."

"Mara ya pili ulilivulia kofia boksi la barua la jirani. Ukaliuliza hali ya watoto."

"Salamu haijapata kumdhuru mtu."

"Haya. Kosa moja tena la macho, moja tu, unanikabidhi ufunguo wa gari. Sikutanii, baba."

Taryn alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alielewa vizuri maana yake. Mama yake alikuwa zamu karibu kila siku, na mbali na mimi hakuna aliyeweza kuvuta trela la farasi milimani. Bila ufunguo wangu hakuna maonesho, na bila maonesho hakuna taji.

Tukaondoka.

Onesho la kwanza lilikuwa Teller's Gap, mji ambao upepo wake ulishaezua kanisa lilelile mara mbili. Taryn alikuwa tayari juu ya farasi wake, Biskuti, nami nimeshika hatamu.

"Babu, nipe gundi ya kofia. Iko kwenye boksi la vifaa, kichupa cheupe."

"Bibi yako alikuwa malkia mwaka 1967. Kofia yake ilishikwa na pini nne na shingo iliyonyooka."

"Babu bwana! Bibi hakupigwa na upepo huu. Na hakuwa na Mama Pruitt akimhesabia pini kwa darubini."

Nikafungua boksi. Nikaona kichupa cheupe. Nikamwambia ainame, nikampaka mwenyewe kuzunguka kichwa chote, kwa dole gumba, kama mtu anayeziba dirisha kabla ya baridi.

"Babu, kidogo tu!"

"Katika nyumba yetu kazi haifanywi kidogo."

Akaingia uwanjani.

Jamani, upepo ule! Uliangusha mlingoti. Ulimvua mtangazaji nywele ambazo hakuna aliyejua kuwa ni za bandia. Ulibeba kibanda cha choo, na aliyekuwemo alitoka mita thelathini kutoka alikoingilia.

Kofia ya Taryn haikutikisika.

Watu walisimama wakapiga makofi. Nikawaambia walio karibu nami, "Mnaona shingo hiyo? Hiyo ni shingo ya ukoo wetu."

Baada ya hapo nilimkuta nyuma ya trela, ameshika ukingo wa kofia kwa mikono miwili, uso mwekundu, ananguruma. Aliponiona akaacha. Akaenda kwenye boksi la vifaa, akakitazama kile kichupa, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Babu, hii gundi uliisoma?"

"Nilijua kusoma kabla mama yako hajazaliwa."

Akafunga boksi taratibu.

"Sawa, babu."

Mimi nikaona ni heshima.

Chakula cha jioni tulikula kwenye hema la kanisa. Kwetu mtu havai kofia mezani, awe tajiri au maskini.

"Vua kofia."

"Naomba niendelee nayo, babu."

"Mezani?"

"Nimeizoea."

Nikamwambia asiyevua kofia hali na watu. Akainuka, akabeba sahani yake hadi kwenye zizi la mbuzi wa maonesho, akala huko. Mbuzi mmoja aliyekuwa na utepe wa mshindi alimega kipande cha ukingo wa kofia, akakitafuna akinitazama.

Kulala nako kukawa kioja. Kwetu kofia haiwekwi kitandani kabisa, huo ni mkosi wa kuvunjika mbavu. Taryn anaijua miiko hiyo vizuri kuliko mchungaji anavyozijua amri kumi. Basi hakulala kitandani. Alilala trelani kwenye nyasi kavu, ameegemea tumbo la Biskuti. Nilipomuuliza sababu, alisema anataka kumwelewa farasi wake zaidi.

Onesho la pili, jua liliwaka mpaka lami ikalainika. Alikuwa akijikuna chini ya kofia kwa kijiko kirefu cha kukorogea maji ya limau.

"Kijiko hicho ni cha nini?"

"Mazoezi ya kupunga mkono, babu."

Onesho la tatu, mvua ikanyesha. Maji yalijaa ndani ya kofia, yakawa yanatoka kidogo kidogo siku mbili mfululizo. Jumapili akaingia nayo kanisani. Mzee wa kanisa akaja kuninong'oneza. Nikamtoa Taryn nje mbele ya wote, nikamwambia kwamba babu mkubwa Torvald angemkana.

Macho yake yakajaa machozi. Nikadhani ni toba.

Hatimaye tukafika nyumbani, Bitter Fork, onesho la nne na la mwisho. Mwaka ule kamati ilinipa heshima ya kusali sala ya ufunguzi. Katika kaunti nyingine malkia huruhusiwa kubaki na kofia wakati wa sala. Kwetu haruhusiwi. Baba yangu ndiye aliyeiandika kanuni hiyo.

Watu elfu mbili walisimama. Fahali walikuwa vizimbani. Janeen alikuwa jukwaani, siku yake ya mapumziko. Mtangazaji wetu, Wendell, akanipa kipaza sauti.

"Tuvue kofia," nikasema.

Kofia elfu mbili zikashuka. Moja ikabaki, katikati ya uwanja, imemegwa na mbuzi, ina taji.

"Nimesema tuvue kofia."

Taryn akatazama masikio ya Biskuti.

"Sitaanza sala mpaka malkia avue kofia."

Fahali mmoja akapiga teke mlango wa kizimba.

"Mzee, harakisha bwana, fahali hawangoji!" akapaza mtu.

"Watangoja. Mungu mwenyewe anangoja."

"Taji limempanda kichwani huyo!" akapiga kelele Charlene Pruitt, darubini machoni.

Nikashuka, nikaingia uwanjani. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, nami nikasahau kwamba kinasikia.

"Mtoto wewe, unaniaibisha mbele ya kaburi la baba yangu!"

"Kaburi liko maili nne kutoka hapa, babu."

"Vua!"

"Haivuki."

"Nini hakivuki?"

"Kofia, babu. Ingekuwa inavuka ningeshaivua siku kumi na moja zilizopita."

Nikaishika kofia kwa mkono mmoja, nikavuta. Kofia ilikuja. Taryn naye akaja. Biskuti, farasi mwenye akili, akasogea pembeni, na mjukuu wangu akaniangukia mzimamzima. Tukabingirika vumbini. Tulipokaa, kofia ilikuwa palepale kichwani.

Emmett, fundi wa kwato, akaja mbio. Akainama, akanusa ukingo.

"Duh. Mzee Skaar, hii ni gundi ya kwato. Hii ndiyo ninayobandikia viatu vya farasi. Ikishika hapa haitoki mpaka kwato ikue."

Damu ikanipanda.

"Ni mpumbavu gani aliyempaka msichana gundi ya kwato kichwani?"

Swali likatoka kwenye vipaza sauti vyote, likafika hadi mabanda ya kondoo.

"Babu, zima kwanza hicho kitu," Taryn akaninong'oneza.

"Sizimi! Katika ukoo wetu ukweli hausemwi chini ya meza. Mtaje!"

Akageuza uso mbali na kipaza sauti.

"Ni wewe, babu."

Nikashusha kipaza sauti, lakini sikukizima.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ningesema, mama angechukua ufunguo. Ningekosa maonesho, sawa. Lakini na wewe ungebaki dirishani ukihesabu magari ya wenzako. Sikutaka niwe mimi niliyekukalisha."

Yote hayo, wapendwa, yalisikika kaunti nzima.

Nikatoa miwani mfukoni, nikaivaa hadharani. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri kilikuwa paji la uso la mjukuu wangu, jekundu, lenye malengelenge kuzunguka pote mahali dole gumba langu lilipopita. Kidonda cha siku kumi na moja, nami nilikuwa nimekaa naye gari moja.

Nilipoinua kichwa, Janeen alikuwa amesimama mbele yangu. Alinyoosha mkono.

Ningeweza kubisha. Sababu ninazo nyingi siku zote. Nikamwekea ufunguo kiganjani.

"Asante, baba," akasema, na sauti yake haikuwa ya hospitali.

Emmett akaleta mkasi wa kunyolea kondoo. Akakata taratibu kuzunguka kichwa chote, Taryn amefumba macho. Kisha kofia ikaanguka vumbini, nywele zote zikiwa ndani yake kama ndege kwenye kiota.

"Imeanguka!" Charlene akaruka jukwaani. "Mara ya tatu! Imeanguka! Nimeiona kwa darubini!"

Duh. Kumbe bado.

Kamati ikakutana hapohapo kando ya vizimba, wazee watatu, mwenyekiti akiwa Bi Ingrid Moen, aliyefundisha sarufi miaka arobaini. Akafungua kitabu cha kanuni. Akasoma kimoyomoyo. Akaiokota kofia, akachungulia ndani. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Kanuni ya tisa, kama ilivyoandikwa na marehemu Torvald Skaar: 'Kofia itahesabiwa kuwa imeanguka pale itakapotengana na nywele za malkia.' Nimekagua. Nywele zimo. Kofia na nywele havijatengana. Kilichoondoka ni kichwa, na kanuni haisemi lolote kuhusu kichwa."

"Huu ni uhuni!" akalia Charlene.

"Huu ni usomaji, mama. Kaa."

Nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali. Taryn akapanda Biskuti, kipara kimejaa alama za mkasi, taji amelishika mkononi pamoja na bendera. Akazunguka uwanja kwa kasi ambayo sijapata kuiona, akicheka kwa sauti.

Msimu huu anaendesha yeye. Mimi hukaa kiti cha pembeni na kumsomea vibao vya barabarani, ambavyo, nakiri, ni vingi kuliko nilivyodhani.

Sasa ninyi vijana mnaosoma haya kwenye simu zenu, wekeni kando mengine mnisikilize.

Mzee wenu akikosea, mwambieni siku hiyohiyo, usoni, kwa adabu. Atakasirika. Mwacheni akasirike. Mjukuu wangu alinyamaza kwa upendo, nami kwa upendo wake huo nikamlisha zizini na kumtoa kanisani. Mtu mwenye kiburi hawezi kujua anachofichwa, atawapiga kwa fimbo ileile mnayomfichia.

Msitustahi kwa kimya. Siwaombi jambo hili, nawaagiza.