Ua la Mkaa

Fundi viatu, ambaye mtaa mzima humwita Baba Soli, aliachiwa kibuyu kimoja na marehemu mkewe. Mama wa watu alikichuma mwenyewe, akakikausha juu ya jiko mpaka mbegu zikawa zinacheza ndani, kisha akakichora maua kwa mkaa.

"Mimi nimechora," alisema. "Wewe toboa mlango, uyachome maua yasifutike. Ndege nao wanataka pa kulala."

Wiki ile ile homa ikamchukua.

Kibuyu kikakaa msumarini. Baba Soli akipita, anatazama chini. Mpaka asubuhi moja akakitungua.

Akatoboa mlango, akakwangua mbegu. Msharasi wa kutobolea soli akautia motoni, akafuata mistari ya mkaa. Maua mengine yalitoka kama makucha ya kuku. Alipofika ua la mwisho, la karibu na mlango, akasita. Akilichoma litakuwa lake yeye. Akaliacha hivyo hivyo, la mkaa, la mkono wa mkewe.

Kisha akafanya ya kifundi. Kazi haitoki kwake bila kung'arishwa. Akapaka rangi ya viatu, akapiga brashi, kibuyu kikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ua lile tu alilizunguka kwa kidole, asiliguse.

Akakitundika nje ya dirisha. Ndege wakaja, wakatua, wakapinda shingo, wakaenda zao.

Jirani yake akacheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji, ndege havai viatu! Harufu hiyo hata mimi nisingelala humo."

"Nimezoea kumaliza kazi."

"Umeimaliza kweli. Na wapangaji umewamaliza."

Binti wa Baba Soli hakucheka. "Kioshe kwa sabuni, Baba. Harufu itatoka."

"Na ua la mama yako?"

Binti akalitazama ua lile la mkaa. "Nitakuletea kibuyu kingine."

"Kingine cha nani?"

Kibuyu hakikuoshwa, na ndege hawakuingia.

Mvua haikupiga hodi. Ilipoanza, Baba Soli alikuwa amevua viatu. Akatoka peku, akaliziba ua kwa kiganja cha kulia. Maji yakapita katikati ya vidole, meusi, yakashuka mpaka kwenye kiwiko.

"Baba, ingia ndani! Utaugua."

"Nikitoa mkono litaondoka."

"Usipotoa pia litaondoka, Baba."

Alilijua hilo. Hakutoa. Alisimama vile, kama mtu aliyeshika mlango usio na kitasa, mpaka mvua ikakatika yenyewe. Kibuyu chote kiling'aa. Palipokuwa na ua palikuwa peupe.

Binti akaweka chakula mezani, akaleta maji na sabuni. "Nawa, Baba."

Baba Soli akautazama mkono wake wa kulia. Mweusi tu, hata ukiugeuza, huoni ua.

Akaufumba.

"Nipe kijiko," akasema.