Siku Njagi Alipochagua Miguu Yangu

Nitaanza na waliokuwepo, ndio mtu asije akasema aibu hii imetiwa chumvi na watu ambao hawakuiona. Tulikuwa nyumbani Githongo, kwa veranda ya kijana wangu Mwiti. Alikuwepo Mwiti na bibi yake Gatwiri. Binti yao Kanana, ambaye ndiye alikuwa anaolewa. Tabitha jirani yangu, ambaye tumechuma kahawa pamoja tangu hatujaolewa na ambaye hajawahi kuniwekea siri hata moja. Na Karimi, Nkatha na Mukami, wasichana wa kwaya wenzake Kanana. Upande wa Embu alikuja bwana harusi, Njagi, na Mzee Ireri, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye neno lake ndilo lilikuwa linangojewa siku hiyo. Wengine walikuwa wengi na majina yao ninayo, lakini hawa ndio walioniona vizuri.

Mambo yote yalianzia kwa miguu. Miguu yangu haina ule upinde wa chini ambao watu wengine wanao, nikikanyaga inalala yote, na nilipokuwa msichana niliitwa mguu wa bata mpaka nikazoea kuificha ndani ya nyasi tukiketi. Niliishi hivyo hadi magoti na mgongo viliponishinda, Kanana akanipeleka Embu kwa daktari mmoja kijana wa viungo. Huyo ndiye Njagi. (Ndiyo, walijuana kwa sababu ya mgongo wangu, na mpaka leo hakuna mtu amenishukuru.) Akaniambia nitie mguu kwa karai ya maji halafu nikanyage gazeti, akanionyesha kwamba mguu wa watu wengi unaacha alama iliyobanwa katikati kama ina kiuno, lakini wangu uliacha alama nzima, nene, kama mkate wa dukani.

"Cucu," akasema, yaani nyanya, kama Kanana anavyoniita, "miguu kama hii ni mingi, na wengi haiwasumbui hata kidogo. Lakini wako umelalia ndani, kwa hivyo kifundo kinaegemea ndani, goti linafuata kifundo, nyonga inafuata goti, na mgongo unafanya kazi ya kuvuta vyote virudi mahali pake. Lazima uchoke."

Nilielewa haraka, kwa sababu Mwiti ni fundi wa kujenga na nimeona kuta nyingi zikipasuka huku juu kwa ajili ya msingi ulioinama kule chini. Kanana alikuwa anacheka kando, akaambiwa akanyage na yeye, na tukapata mkate mwingine, wa kiasi kile kile. Kicheko kikaisha.

Njagi akatutengenezea soli za kuweka ndani ya viatu, zangu na za Kanana, zenye kilima kidogo cha kuinua pale katikati, akanifundisha na mazoezi ya kusimama kwa vidole nikishika ukuta. Kanana akavaa zake kila siku na goti lake, ambalo nalo lilikuwa linamuuma, likanyamaza. Mimi nilivaa zangu siku mbili, nikasikia kama nimekanyaga kiazi, nikazitoa. Sasa, meza yetu ya veranda ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na zile soli, zikiwekwa moja juu ya nyingine, zilitoshea pale kana kwamba zilipimiwa. Njagi akinipigia simu aniulize kama nazivaa, namwambia, "Navaa hata kwa kanisa." (Kanisani Tabitha alikuwa ananiangalia miguu, halafu ananiangalia uso.)

Siku yenyewe ikafika. Huku kwetu bibi harusi haletwi tu mbele ya wageni hivi hivi. Anafichwa kati ya wenzake, wote wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka karibu chini, na bwana harusi anachagua wake bila kusikia sauti. Akikosea wamama wanampiga faini, na anachekwa miaka mingi.

Kabla hawajafunikwa, Kanana akanivuta nyuma ya jikoni. Macho yalikuwa na maji.

"Cucu, yule mzee amesikia kuhusu miguu yangu. Amemwambia Njagi ati huwezi kutoa mbuzi kwa watu ili uletewe mgonjwa wa mgongo. Leo ndio anatoa neno lake. Tafadhali mambo ya miguu yasitajwe."

"Ni nani atayataja," nikamwambia, na moyoni nilikuwa nimekasirika sana, kwa sababu nilijua vile inakaa kuchekwa miguu, na sikutaka huyu mtoto ajue.

Tukamvalisha gambuti za baba yake ili Njagi asimtambue kwa mwendo. Viatu vyake vya kamba vikabaki mlangoni, na soli ndani. Hapo ndipo nilifanya ule uamuzi mdogo. Nilijua Njagi ataniangalia miguu, nikajiambia, wacha nivae hivi vya Kanana leo tu, tunavaa saizi moja, kijana aone soli afurahi, jioni navirudisha. Nikavaa. Nikafunga kamba kama mwanafunzi.

Wageni walipoketi, Mukami akaitwa jikoni kugeuza chapati, na Gatwiri akaona wasichana waliofunikwa wamepungua.

"Mama," akaniambia, "wewe na Kanana ni kimo kimoja. Ingia hapo dakika mbili tu."

Mwanamke mwingine wa umri wangu angekataa. Mimi nilifurahi mpaka nikashika mdomo nisicheke. Nikafunikwa leso mbili, nikasimama kati ya Karimi na Nkatha, na Kanana akiwa mwisho na gambuti zake.

Nikasikia Njagi akimwambia Mzee Ireri, "Huyu ningemjua hata akiwa ndani ya gunia."

"Tutaona, daktari," mzee akasema.

Akapita mara ya kwanza. Akapita mara ya pili, akainama kama mtu aliyeangusha sindano, na alipofika kwangu akakaa hapo chini muda mrefu. Halafu akasimama, akanizungushia leso mpya mabegani na kusema mbele ya watu wote, kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu babu yake Kanana atuache, "Nimetoka Embu kukutafuta wewe. Twende tuzeeke pamoja."

Nikamjibu nikiwa ndani ya leso, "Mimi nimetangulia."

Gatwiri akanifunua. Sitaandika kelele ile yote. Wamama walipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka boma, Tabitha akaketi chini kabisa, na Njagi akabaki ameshika pembe ya leso kama ameshika mkia wa ng'ombe asiye wake. Mimi nilicheka pia, kwa nini niwafiche. Lakini Mzee Ireri hakucheka.

"Daktari wa miguu ameshindwa na miguu," akasema.

Njagi alitaka kujitetea, maskini, na hakujua anachimba shimo. "Mzee, sijashindwa. Angalia viatu, vimelalia ndani vile Kanana anavilaza, na mguu ni ule ule."

"Ule ule wa huyu mama," mzee akasema polepole. "Kwa hivyo ni kweli. Ni jamii nzima ya miguu ya bata."

Chini ya leso ya mwisho niliona gambuti zikisogea nyuma hatua moja, na nilisikia uchungu wa miaka yangu yote ukirudi.

Njagi alitaka kubadilisha maneno. "Lakini Cucu, kama hivi ni vya Kanana, soli zako ziko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme ziko ndani ya nyumba.

"Ziko chini ya meza," Tabitha akasema. "Ndizo zinashikilia uji."

Nilitaka kuzificha kabla watu hawajaangalia, nikainama kwa haraka ambayo mgongo wangu hauijui, mgongo ukafunga nikiwa hapo chini, na mkono ukawa tayari umezivuta. Meza ikainama kule kwa mguu mfupi. Sufuria kubwa ya uji wa wimbi ikaanza kuteleza taratibu, Mwiti akairukia, akashika kifuniko, na uji wote ukamwagikia viatu vya Mzee Ireri, ukaingia mpaka ndani ya soksi. Bahati yake, ulikuwa umepoa.

Mzee alivua viatu, akavua soksi, akatembea kwa simiti kwenda kwenye bomba la mfereji na uji ukimtiririka, sisi tukimwangalia kama watu waliofiwa, na mimi bado nimeinama nimeshika soli mbili mkononi.

Tabitha ndiye aliona kwanza. Alikuwa bado ameketi chini.

"Daktari," akaita, "hebu njoo utusomee hizi."

Kutoka kwa kiti mpaka mferejini kulikuwa na nyayo za uji, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa na kiuno. Zote mikate.

Njagi akaziangalia. "Mzee," akauliza kwa heshima sana, "magoti yako yako namna gani?"

"Magoti ni uzee."

"Yalianza lini?"

Mzee Ireri akaangalia nyayo zake. Akaangalia zile soli mkononi mwangu. "Nikiwa na miaka thelathini," akasema.

Hapo Kanana akatupa leso. Akatoa miguu kwenye gambuti moja baada ya nyingine, akaja peku, akakanyaga katikati ya uji, halafu akaweka mguu wake kwa simiti kando ya wayo wa mzee, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri. Ilikuwa alama ile ile, ila yake ilikuwa ndogo.

Mabega ya Mzee Ireri yakaanza kutikisika, na alipocheka alicheka mpaka akashika mfereji.

"Njagi," akasema, "mtoto ni wetu huyu. Ni nani alisema anatoka nyumba nyingine?"

Vigelegele vikaanza tena, na mimi nikainuliwa na watu watatu. Faini ya Njagi ilikuwa beberu mmoja kwa Tabitha na wamama wenzake, na jozi ya soli za Mzee Ireri, zipimwe kabla jua halijatua. Alizipima kwa uji ule ule.

Mimi sitaingia tena ndani ya leso, hata nikiombwa na askofu, wala sitavaa kiatu cha mtu ili kumdanganya mtu mwingine. Soli zangu ninazo miguuni ninapoandika, kiazi nilikizoea wiki ya tatu, na meza Mwiti aliiwekea kipande cha mbao, kazi ya dakika moja ambayo angefanya zamani. Tabitha anasema soksi za Mzee Ireri zilikuwa nyeusi, mimi nakumbuka za kahawia, na Gatwiri anasema uji haukuwa wa wimbi, ulikuwa wa mtama. Kama ulikuwepo na unakumbuka vizuri kuliko mimi, njoo unirekebishe. Utanisikia nikija upesi kufungua mlango, siku hizi sikokoti miguu.