Usukani Mzito wa Mume Wangu

Mafuta ya taa tulikuwa tunayapangia foleni, na mume wangu alikuwa anaoshea injini. Nianzie hapo, maana hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na hasira yenyewe ilidumu karibu miezi miwili. Mimi nasimama tangu alfajiri na galoni mkononi mpaka jua linanipanda utosini, narudi na lita mbili za jiko. Kesho yake yeye anachota kikombe kizima, anachovya tambara, anafungua boneti na kuifuta injini mpaka inang'aa. Nikimuuliza watoto watapikiwa na nini, ananijibu, "Gari halitoki chafu, mama watoto."

Alikuwa dereva wa shirika la umma kwa miaka zaidi ya ishirini. Huko, kila asubuhi kabla ya magari kutoka, boneti zote zilifunguliwa, msimamizi akapita na kitambaa cheupe akipangusa injini moja moja. Dereva ambaye injini yake ilichafua kitambaa aliandikiwa barua. Mume wangu hakuwahi kuandikiwa. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, akastaafishwa. Shirika likamuuzia gari lile lile alilokuwa akimwendeshea meneja. Lilikuwa limechoka na viti vimepasuka, lakini gia zake zilijibadilisha zenyewe, na lilikuwa na usukani wa pawa, kitu ambacho magari mengi ya mjini siku zile hayakuwa nacho. Yaani kuna pampu inayosukuma mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayosaidia kugeuza magurudumu, dereva hatumii nguvu. Mtu mwenye mkono mmoja mzima aliliweza.

Na kweli aliliweza. Petroli ilipopatikana, tulitoka asubuhi mapema mpaka Kivukoni, nikanunua samaki mnadani, nikawapakia nyuma alipokuwa anakaa meneja, tukarudi Kariakoo nilikokuwa na karai langu la kukaangia. Nyumbani mume wangu alikuwa mgonjwa. Vifungo vya shati nilimfunga mimi, chai nilimpozea mimi, na alinichukia kidogo kwa hilo. Akishika usukani alikuwa mtu mwingine. Aliwatukana wasukuma mikokoteni, akacheka, akanisimulia safari za zamani za Mbeya na Songea. Nilijua kabisa kwamba siku atakayoshindwa kuendesha ataketi barazani na hatanyanyuka tena. Kwa hiyo gari lilipoanza kulia kila linapokata kona, roho yangu iliruka.

"Usukani umekuwa mzito," aliniambia. Tukaangalia chini ya gari, tukaona matone mekundu mchangani. Kikopo cha mafuta ya usukani kilikuwa kimeshuka nusu.

Basi hapo kila mwanamume wa mtaa akawa fundi. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ambaye hata baiskeli hakuwa nayo, alisema ni rejeta. Mwenye duka alishauri tuweke mafuta ya breki, eti mafuta ni mafuta. Nilimwambia basi na yeye akapikie wali wake mafuta ya breki. Tukaenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, akainama, akagonga pampu kwa bisibisi mara mbili, akatangaza: "Pampu imekwisha, mzee. Tafuteni pampu."

Pampu! Miaka ile mtu alikuwa anatafuta betri ya redio wiki tatu. Tulizunguka maduka yote ya spea ya Kariakoo, na kila mahali rafu zilikuwa na vumbi na muuzaji ana jibu moja: "Hakuna." Hata kichwa hakuinua. Mmoja alituambia zipo melini. Tulipomuuliza meli gani, akasema ikifika tutaisikia. Mwingine alitutolea pampu ya lori, kubwa kama chungu cha pilau, akasema tukiipunguza kidogo itaingia. Wakati huo mafuta yanazidi kuvuja, na mume wangu kila asubuhi anajaza kidogo kutoka kwenye chupa aliyopewa na dereva mwenzake wa zamani, halafu anaifuta injini.

Siku moja akaona ameumaliza utafiti. Aligundua mpira mmoja unaopitisha mafuta una unyevu, akakata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akaufunga kwa mkono mmoja na meno, kama tulivyokuwa tunafunga kila kitu mji huu, kuanzia bomba la maji hadi mguu wa meza. Akaniita niangalie. Akawasha injini, akazungusha usukani, na mafuta yakaruka kama damu ya kuku, yakanipata kifuani. Ile khanga nilikuwa nimeipangia foleni siku mbili katika duka la ushirika, nimekanyagwa, nimetukanwa. Na sabuni ya kufulia haikuwepo. Nilikaa chini kwenye ngazi nikalia kwa hasira, naye akasimama pale na tambara lake akisema, "Lakini sasa tumejua si pampu." Na hata hilo halikuwa kweli, maana mafuta yalikuwa yametapakaa kila mahali na hakuna aliyejua lolote.

Shoga yangu muuza nazi ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa pili, mtu wa Lindi, mfupi, mpole, anayefanyia kazi kando ya ukuta wa karakana moja huko huko Gerezani. Alimwamkia mume wangu, "Shikamoo mzee," akasubiri marahaba yake, ndipo akafungua boneti. Akaitazama injini muda mrefu bila kuigusa.

"Nani kaosha injini hii?"

"Mimi," mume wangu akasema, kifua mbele. "Kila asubuhi."

"Basi mzee ndiyo maana hampati kitu. Mafuta yanapotoka huacha njia. Vumbi linayashika, tunafuata njia mpaka mlangoni. Wewe kila siku unaifuta njia."

Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu, bali nimtupe mtu ndani. Wiki ngapi za mafuta yangu ya taa! Fundi akatuambia turudi nyumbani, tuendeshe siku nne tu bila kugusa injini, kisha tumletee gari likiwa na uchafu wake wote.

Siku ya kwanza mume wangu alizunguka gari kama mtu aliyefiwa. Siku ya pili niliyafungia mafuta ya taa sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Siku ya tatu nilitoka kuchota maji nikamkuta ameinama ndani ya boneti, amevua shati lake na anafutia.

"Kidogo tu," akasema. "Juu juu. Watu wanapita."

"Watu gani wanaopita ndani ya injini?"

Akaendelea kufuta. Nilipayuka mpaka mpangaji akafunga dirisha. Mtu mzima, baba wa watoto watano, anashindwa kuacha uchafu siku nne! Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume, kwamba yule msimamizi wake wa kitambaa cheupe hayupo tena, kwamba hakuna atakayemwandikia barua, kwamba hakuna hata anayemkumbuka kule. Alivaa shati lake lenye mafuta, akajaribu kulifunga vifungo mwenyewe, akashindwa, akaingia ndani. Nilimfuata baada ya muda nikamfunga.

Fundi aliposikia, alicheka, akasema basi tufanye kwa njia nyingine. Alisafisha injini yote vizuri, akaikausha, halafu akaniuliza, "Mama, unga wa ngano unapatikana?" Ulikuwepo nusu kilo, niliouficha kwa ajili ya Idi. Nikaenda kuuleta, nikimlaani kila aliyewahi kutengeneza gari duniani. Akaunyunyiza juu ya mipira na viungio vyote, injini ikawa nyeupe kama andazi bichi. Akaniambia niingie nikae kwenye kiti cha dereva, kwa sababu mume wangu alitaka kuona kwa macho yake.

"Washa. Zungusha mpaka mwisho kulia. Shikilia. Sasa kushoto. Shikilia."

Mimi sikuwa najua kuendesha, lakini kuzungusha nilizungusha, kwa mikono miwili na kwa hasira zangu zote. Usukani ulikuwa mzito kweli, na gari lilikuwa linaguna kama ng'ombe. Mara fundi akapiga kelele: "Huyo!" Nikashuka. Katikati ya weupe ule kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, unatoka pale mpira mnene wa pampu unapoingia kwenye chuma chake, upande wa chini ambao jicho halifiki. Mpira ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukatoboka. Ulivuja pale tu usukani ulipozungushwa hadi mwisho, mafuta yanapobanwa kwa nguvu. Gari likisimama, kimya. Pampu haikuwa na tatizo lolote.

Mpira wa namna ile haukuwepo mjini, bila shaka. Fundi alipata kipande cha mpira wa trekta, ule unaonyanyulia jembe, akaupeleka kwa mchonga vyuma akafungiwa vichwa vya chuma kwenye ncha zake mbili. Ilichukua siku sita, kwa sababu umeme ulikatika siku tatu na mchonga vyuma alikwenda msibani siku mbili. Hatimaye ukafungwa. Tukajaza mafuta, nikaketi tena, nikazungusha kulia na kushoto mara nyingi ili upepo utoke, mpaka povu likakatika kwenye kikopo. Kilio kikaisha. Chini hapakudondoka hata tone. Na usukani, jamani, niliuzungusha kwa vidole viwili. Nilicheka peke yangu mle ndani. Miezi miwili ya mateso, kumbe nilikuwa na uwezo wa kucheka.

Fundi alisema twende tukaujaribu Jangwani, palikuwa pakavu msimu ule na pana nafasi ya kugeuza. Aliendesha yeye mpaka pale, akazunguka duara mbili kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa nje ya dirisha. Akashuka, akamfungulia mume wangu mlango. "Karibu, mzee. Gari lako."

Mume wangu akakaa, akarekebisha kioo kama kawaida yake. Mimi nilikuwa kando yake. Akaondoka polepole, moja kwa moja, vizuri. Akaanza kukata kona kulia. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ule tuliokuwa tunautegemea, ulishika usukani, ukavuta, ukafika nusu, ukateleza. Akashika tena. Jasho likamtoka. Ukateleza. Gari likasimama limeelekea bondeni, na yeye akautazama mkono wake pale juu ya paja, vidole vimejikunja, na nikajua kwa nini wiki zile hata siku tulizojaza mafuta mpaka juu alisema usukani ni mzito. Nilikuwa nimeona vikombe vikimponyoka nyumbani. Nilimgombeza kwa vikombe vile.

Fundi alikuja mbio, akainama dirishani. "Vipi mzee?"

"Bado mzito," mume wangu akasema. Hakumtazama yeyote. "Kuna mahali pengine panavuja."

Fundi akafungua mdomo. Alikuwa ameniona nikizungusha kwa vidole viwili, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuzunguka mara mbili kwa mkono mmoja. Nilimuwahi.

"Ni kweli, fundi," nikasema. "Hata mimi niliusikia. Bado mzito. Hebu angalia tena."

Alinitazama. Kisha akasema, "Sawa, mama. Nisamehe, mzee, nimeharakisha." Akatandika gunia kwenye vumbi, akalala chali chini ya gari ambalo halikuwa linavuja kitu, akaanza kutafuta.