Miezi Mitatu Aliyoiandika Veridiana

Veridiana si mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka akiingia jikoni kwake anamalizana naye kwa mchi, anamtupa nje, anarudi kusonga ugali wake. Kwa hiyo tulipomwona mchana kweupe anakimbia, kanga ya juu imeanguka nyuma yake na haigeukii, hakuna aliyecheka. Tuliacha korosho chini tukasimama.

Kwao ni Lupaso, huko chini Masasi. Aliolewa na Silvesta akapanda naye huku Chilangala miaka ishirini na miwili iliyopita. Shule aliishia la saba kama wengi wetu, ila mwandiko wake unasomeka. Kijiji kilipoambiwa kichague mhudumu wa afya wa kupita majumbani, walijitokeza wanaume wawili. Mmoja alikuja ananuka pombe, mwingine alishindwa kusema mwaka aliozaliwa. Mkutano ukamchagua Veridiana, Mama Optatus wetu, hata kabla hajamaliza kukataa.

Akapelekwa Newala kwenye mafunzo, akarudi na begi, mizani ya kuning'iniza watoto na simu ya kupangusa. Simu ile ina programu inayouliza maswali kwa Kiswahili, kaya kwa kaya. Nani mgonjwa, nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa. Ukishajibu, inahesabu yenyewe. Kila mjamzito ana mstari wake, na mstari una rangi. Kijani, hana shida. Njano, apelekwe zahanati kesho au kesho kutwa. Nyekundu, usikae.

Tusimwonee, simu ile imesaidia watu. Mtoto wa Ladislaus mwaka jana alikuwa anapumua mbavu zinaingia ndani, bibi yake anasema ni mafua tu. Simu ikawa nyekundu, Veridiana akambeba mwenyewe hadi zahanati. Leo mtoto yule anatukana watu wazima njiani.

Lakini ukishapata kitu kinachokuhesabia, unaacha kuhesabu. Zamani Veridiana alikuwa akikutana na mjamzito anamtazama miguu, anamvuta ngozi ya chini ya jicho, anamwuliza umelala upande gani. Baada ya simu akawa anatazama rangi. Jioni anapangusa orodha yake, kijani, kijani, kijani, analala usingizi wa mtu aliyelipiwa deni.

Mwezi wa tisa mwanzoni alifika kwa Sikuzani, mama yake Shamila, binti aliyekuwa na mimba ya kwanza. Ilikuwa kaya ya kumi na nne siku hiyo na msimamizi wake alitaka kazi ya wiki iishe Ijumaa. Shamila hakuwepo, alikuwa ameteremka bondeni kufuata maji. Veridiana angeweza kumsubiri. Angeweza kurudi kesho yake. Alikaa kwenye kigoda akamwuliza mama mtu, na simu ilipotaka kujua mimba ina miezi mingapi, Sikuzani akasema mitatu. Veridiana akaandika tatu. Ikawa kijani, akaaga.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa kumi katikati, korosho zinadondoka na kila mtu yuko chini ya miti yake. Saa tatu asubuhi hivi Sikuzani alimfuata Veridiana shambani. Hakuja mbio. Alisalimia, akaulizia watoto, akaokota hata korosho mbili tatu akazitia kwenye ndoo ya mwenzake. Ndipo akasema Shamila anaumwa kichwa tangu jana, Mama Optatus kama ana vidonge ampe.

Veridiana akajifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu, akatazama mstari. Miezi minne na kitu, kijani, siku ya kumtembelea ni Jumanne ijayo. Akasema vidonge hagawi, ampe maji ya kutosha, alale kivulini, yeye atapita jioni akimaliza mstari huu wa miti.

Sikuzani akashukuru. Alipokuwa anaondoka akasema, kama mtu anayelalamikia jua, kwamba huyo binti miguu imemvimba hata kandambili za mumewe hazimwingii.

Veridiana aliinama akaendelea kuokota. Anasema aliokota kama korosho kumi. Hiyo ya kumi na moja aliishika mkononi akashindwa kuing'oa kwenye bibo lake. Alikuwa anaiona ngoma ya Shamila.

Huku kwetu mimba ya kwanza haisemwi. Binti anaweza kuwa nayo mbele yako, kanga inapanda, nawe unamwuliza habari za mbaazi. Unanyamaza mpaka wakubwa wamcheze, wamweke ndani, wamfunde mambo ya uzazi, ngoma ilie. Siku hiyo ndipo mimba inapata ruhusa ya kutajwa, na miezi yake mdomoni inaanzia hapo. Ile ya nyuma haihesabiwi, maana kuihesabu mbele za watu ni kumwonyesha mwenye roho mbaya mahali pa kupiga. Sikuzani hakusema uongo. Aliulizwa miezi akataja miezi ya kutajwa.

Na Veridiana alijua. Yeye mwenyewe alichezwa hivyo hivyo. Kibaya zaidi, siku ya ngoma ya Shamila, mwezi wa sita, alikuwa mstari wa mbele anapiga vigelegele, akaliona tumbo lile kwa macho yake. Halikuwa tumbo la kuanza. Lilikuwa la miezi minne na nusu, labda mitano.

Akahesabu kwa vidole vyenye utomvu wa mabibo. Wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Hakumaliza kuhesabu, akatimua mbio. Ndoo ikabaki pale pale. Hapo ndipo sisi tulipomwona anapita.

Alimkuta Shamila amekaa ukumbini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Uso ulikuwa umejaa kama wa mtu aliyeumwa na nyuki, macho yamekuwa mistari. Tumbo lilikuwa limeshuka kabisa, la kuzaa. Khalidi, mume wake, kijana mpole asiyejua aweke wapi mikono, alikuwa anampepea na mfuniko wa ndoo. Veridiana akapiga hodi.

Shamila akageuza kichwa, akatazama pembeni kidogo ya alipo mgeni. "Shikamoo mama. Mbona mnachoma majani hapa ndani, moshi wote huu?"

Hapakuwa na moshi. Veridiana aliitikia marahaba. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa Shamila kwa kidole gumba, shimo likabaki limekaa pale kama kwenye udongo mbichi. Akatoa simu. Kichwa kinauma, ndiyo. Haoni vizuri, ndiyo. Amevimba, ndiyo. Akabonyeza mwisho akangoja nyekundu.

Ikaja njano. Mpeleke zahanati ndani ya siku mbili.

Kwa simu, Shamila alikuwa na miezi minne na wiki zake, na kwa mimba ya miezi hiyo dalili zile huwa hazihesabiwi kuwa za kifafa cha mimba. Simu haikukosea. Ilikuwa inajibu kuhusu mwanamke mwingine, aliyeandikwa na Veridiana kwenye kigoda bila kumwona. Akajaribu kubadilisha miezi, mahali pale pakagoma, pakaandika wasiliana na msimamizi. Akampigia msimamizi, simu ikaita wee hadi ikakata.

Sikuzani akawa amefika, akaanza kusema tusikurupuke, tumngoje kaka yake Faruku. Ndiye mjomba wa binti na ndiye msemaji wa nyumba, naye alikuwa amepeleka korosho ghalani. Binti haondolewi nyumbani mjomba hana habari, itakuwaje likitokea la kutokea. Veridiana, ambaye kwa kawaida ana maneno ya kumtosha kila mtu, alisogea karibu na mkeka. Alikuwa anamtazama Shamila, kwa sababu mdomo wa Shamila ulikuwa umeanza kucheza upande mmoja.

Halafu mwili wote ukakaza. Shingo ikaenda nyuma, meno yakasagana, mikono ikawa inapiga mkeka. Khalidi aliangusha mfuniko akatoka nje akitapika. Sikuzani akashika kichwa, akaanza kusoma dua alizokumbuka, sauti inapanda inashuka. Kuna waliokwishatokea mlangoni, mmoja akasema huyo ana shetani, aletewe ubani. Veridiana akamlaza Shamila ubavu, akanyoosha mkeka ulipokunjamana, akazuia kijiko ambacho mtu alikuwa analeta kumtia mdomoni. Mafunzo ya Newala yalirudi yenyewe mikononi. Kichwani hayakuwepo, anasema kichwani palikuwa na tatu tu, ile tatu aliyoiandika.

Degedege lilipoachia, Shamila akawa anakoroma. Hakuitika jina lake. Veridiana akapiga namba ya bure ya dharura za wajawazito. Mtandao pale nyumbani kwa Sikuzani unashika vizuri zaidi nyuma, karibu na tanki la maji ya mvua, basi akasimama hapo anachungulia ndani kupitia dirisha. Aliyepokea alijitaja nesi Flora. Akauliza jina, kijiji, akaangalia kwenye mfumo.

"Mama, hapa namwona Shamila ana wiki kumi na nane," Flora akasema. "Ni huyo huyo?"

Kulikuwa na njia nyepesi. Angesema mfumo umekosea. Angesema mama wa binti alidanganya. Sikuzani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na watu mlangoni walikuwa wanasikiliza kila neno.

"Ni huyo huyo. Nimeandika mimi, nimeandika vibaya. Sikumwona. Huyu ana miezi minane imepita, amevimba, haoni, na amepata degedege sasa hivi mbele yangu."

Upande wa pili vidole vikasikika vinabonyeza. Flora akasema gari linatoka, asilazwe chali, asipewe chochote mdomoni, simu isizimwe.

Sikuzani alikuwa amesikia. Akamtazama Veridiana muda mrefu, akaingia ndani. Veridiana alidhani anakwenda kufunga mlango. Akatoka na kanga tatu safi na beseni. Akasema Faruku akifika aambiwe dada yake ndiye aliyeamua.

Gari lilichukua dakika hamsini. Sitaki kuzieleza zote. Khalidi alikwenda kusimama barabarani kama vile kusimama kwake kungelivuta. Veridiana alikaa na mkono kwenye mbavu za Shamila akihesabu pumzi, na kila ilipochelewa moja naye aliacha kupumua. Degedege la pili lilikuja, fupi kuliko la kwanza, povu likawa na damu kidogo, kumbe ameng'ata ulimi. Sikuzani aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mwanawe anakufa. Veridiana akasema hajui.

Gari likaja, wakampakia Shamila; njiani mchanga ulilishika mara moja, wakashuka wote isipokuwa mgonjwa, wakasukuma na Khalidi akalia kwa sauti huku anasukuma. Newala walikuta machela mlangoni na nesi ameshavuta dawa kwenye sindano, kwa kuwa Flora alikuwa amewaambia kinachokuja. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi la saruji kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi. Faruku alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, akasimama mbele ya dada yake. Tuliambiwa baadaye kwamba kila mtu alijiandaa kwa ugomvi. Aliuliza yuko wapi, akaonyeshwa mlango, akakaa chini sakafuni.

Mtoto alitoka hai, wa kike, mdogo, mwenye sauti ya paka. Shamila hakuamka siku hiyo. Hakuamka Alhamisi asubuhi. Veridiana hakurudi nyumbani, alilala chini ya benchi, na kila mlango ulipofunguliwa aliinuka. Alhamisi jioni Shamila alifumbua macho akauliza kwa nini taa imezimwa. Taa ilikuwa inawaka. Daktari akasema uono huwa unarudi, wangoje. Ijumaa akaona dirisha. Jumamosi akamwona mtoto, akasema ana masikio ya Khalidi, maskini.

Jumamosi hiyo hiyo Sikuzani alimwambia Veridiana kwamba kosa walilifanya wawili, yeye ndiye aliyesema mitatu.

"Wewe ulisema kama tunavyosema wote," Veridiana akamjibu. "Mimi ndiye niliyepewa simu, Mama Shamila. Na macho nilikuwa nayo kabla ya simu."

Akapanda gari la kurudi. Njiani akafungua orodha. Ukimtoa Shamila, wajawazito kumi na mmoja, wote kijani. Wa mimba ya kwanza kati yao walikuwa wanne. Alijaribu kukumbuka ni wangapi aliwaona kwa macho siku ya kuwaandika. Mmoja alikuwa na uhakika naye.

Hakupita nyumbani. Alishuka na nguo zile zile za Jumatano, zenye damu iliyokauka kwenye pindo, akaenda moja kwa moja kwa Anjelina, mkwe wa Paulina, mmoja wa wale wanne. Simu inasema miezi mitano. Paulina akaanza kumpokea begi na kumwuliza habari za hospitali, Veridiana akasema habari baadaye, binti yuko wapi. Wakamwita. Anjelina akatoka jikoni amejifunga kanga mbili, anacheka, akasalimia. Veridiana akamwambia asimame mwangani.

"Miezi usinitajie," akasema. "Niambie damu yako ya mwisho uliiona lini. Mbaazi zilikuwa na maua?"

Anjelina akamtazama mama mkwe wake, kwa kuwa mambo hayo hayaulizwi hivyo. Paulina akanuna, akasema siku hizi wahudumu hawana adabu. Kisha akaiona ile damu kwenye pindo, akamwambia binti ajibu.

"Mbaazi hapana, mama," Anjelina akasema polepole. "Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma."

Veridiana akaanza kuhesabu kwa vidole, toka mwezi wa tatu, wakati wa mahindi mabichi. Alipofika wa kumi akarudia, taratibu, mdomo unacheza bila sauti. Kisha akapiga goti kwenye vumbi, akaushika mguu wa Anjelina, akabonyeza kwa kidole gumba, akauachia, akawa anaangalia kama lile shimo litajifuta.