Ijumaa za Darwesh

Amour bin Mkadam alikuwa akiuza tende na kahawa Mkunazini, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akizisifu tende zake. Ukimwuliza biashara inakwendaje alikujibu "alhamdulillahi," na kabla hujavuta pumzi mazungumzo yamekwishahamia kwenye saa. Nayo ilikuwa saa moja tu, ile ndefu ya kusimama iliyokuwa ukumbini kwake ghorofani, aliyoachiwa na babake. Ndani ya sanduku lake la mti, nyuma ya kioo, timazi ya shaba iliyumba huku na huku bila kupumzika, na Amour aliweza kukaa kitako mbele yake kutoka alasiri mpaka magharibi asichoke.

Mjini saa za namna ile hazikuwa haba. Kwa wenyewe zilikuwa pambo. Ikipotea wakati, mtu huisogeza akrabu, ule mshale wake, kwa kidole, yakaisha. Amour hakuweza. Alitaka kujua kwa nini ipotee. Aliona kwamba watu wakipita ukumbini boriti za sakafu hutikisika na saa ikatikisika nazo, basi akaiinua akaifunga kwa vyuma kwenye ukuta mnene wa mawe. Aliona kwamba mafuta ya nazi huganda na vumbi kwenye meno ya magurudumu, akatafuta mafuta mepesi zaidi. Aliona pia, na hili lilimchukua miaka, kwamba wakati wa joto la kaskazi saa huchelewa na wakati wa kipupwe hukimbia. Ule ufito wa shaba unaobeba uzito wa timazi ulikuwa ukirefuka kwa joto na kufupika kwa baridi, na timazi ikirefuka huyumba polepole.

"Ungekuwa unanitazama mimi hivyo," mkewe Nunu alimwambia siku moja, "ungejua kama nimekonda."

"Umekonda?"

"Sijui. Iulize saa."

Taabu yake kubwa ilikuwa kipimo. Watu wa mji walizipanga saa zao kwa machweo, kila mmoja kwa jicho lake, na saa za nyumba mbili zinazotazamana hazikupatana. Amour alitoboa tundu katika dirisha la chumba cha juu, akachora mstari sakafuni, akawa anangoja mwanga wa adhuhuri uupite. Lakini kadiri saa yake ilivyotengenea ndivyo alivyozidi kuona kwamba jua lenyewe halina mwendo mmoja. Kuna miezi hutangulia, kuna miezi hukawia. Jambo hilo lilimkosesha raha kabisa, mpaka alipopata msaada wa Darwesh.

Darwesh bin Sleiman alikuwa sahibu yake tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja. Alikuwa karani katika ofisi ya simu, ile iliyopokea habari kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kwa waya ule ulikuja pia wakati sahihi wa kupangia saa za meli. Kila Ijumaa Darwesh aliipanga saa yake ya mfukoni pale ofisini, akaenda kusali, akaja kwa Amour kula. Kabla ya chakula walisimama wawili mbele ya saa kubwa, Darwesh akaifungua ya kwake na kuhesabu nukta, yaani sekunde, kwa sauti. "Imekawia nukta nane." Wiki nyingine, "Tano." Amour alifungua sanduku, akaizungusha kidogo ile nati iliyo chini ya timazi, kupandisha uzito au kuushusha. Kisha wali ukaletwa, na hapo ndipo alipojiona mtu mwenye bahati kuliko wote Unguja.

Darwesh ndiye aliyemletea hata habari ya zebaki. Alikuwa amemsikia mzungu mmoja wa meli akieleza kwamba saa bora za kwao, mahali pa ule uzito wa shaba, hubeba chupa ya zebaki. Joto likiurefusha ufito kwenda chini, zebaki nayo huvimba ndani ya chupa kwenda juu, na mambo yakalingana. Amour hakulala vizuri wiki nzima. Alinunua zebaki kwa sonara, akatafuta chupa nene ya marashi yenye mdomo mpana, akaitengenezea kitanda cha shaba. Aliiweka mahali pake joto lilipoanza, na Ijumaa iliyofuata akamngoja Darwesh kama mtu anayengoja kuzaliwa mtoto.

Darwesh aliitazama saa yake. Akaitazama ile kubwa.

"Zimepatana," alisema.

"Hata nukta moja?"

"Hata nukta moja, Amour."

Zikapatana Ijumaa ya pili na ya tatu, na zote zilizofuata. Nati haikuguswa tena. Pale mstari wa adhuhuri ulipoanza kupingana na saa, na tofauti ikazidi kukua, Amour alicheka. Jua na vituko vyake! Aliufunika mstari ule kwa mkeka.

Sifa zikaenea mtaani. Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika, na mawingu yalikuwa hayaachi jua kuonekana. Maalim wa mtaa, imamu wa msikiti uliotazamana na nyumba ya Amour, alikuja mwenyewe Ijumaa moja, akawakuta Amour na Darwesh mkekani. Alisema mwaka jana Amour aliangalia machweo kila jioni juu darini, akajua akrabu inasimama wapi jua linapozama. Je, asingeweza kuwapa watu ishara ya kufuturu? Amour hakungoja amalize. Akamwahidi. Darwesh alikuwa akichezea ukindu wa mkeka.

Ikawa hivyo. Kila jioni Amour alisimama dirishani akiwa na saa yake nyuma, akanyanyua mkono, na mwadhini akaanza. Kisha akashuka kufuturu na wenzake barazani, Darwesh miongoni mwao. Misikiti mingine iliadhini baadaye, na watu wa mtaa walichekelea kwamba wengine wanakisia, wao wanajua.

Siku moja katika kumi la kati, mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Amour alitoa ishara, adhana ikatoka, watu wakala tende na kunywa kahawa. Walikuwa bado wanatafuna mawingu yalipopasuka upande wa bahari. Kuta za juu za nyumba zikawaka rangi ya dhahabu, mnara wa msikiti ukawaka, na kutoka darini sauti ya Nunu ikasikika, kisha za wanawake wa nyumba nyingine.

"Jua! Jua lile, bado!"

Watu walipanda ngazi wakikimbia. Jua lilikuwa zima juu ya maji, halijayagusa, na lilitulia pale kwa muda mrefu kama linalowangoja waje wote walione. Mzee mmoja alijitia kidole kinywani akaitoa tende. Hakuna aliyemtukana Amour, na afadhali wangemtukana. Walishuka mmoja mmoja wakimpita.

Maalim alisema siku ile lazima ilipwe. Siku nyingine za mawingu, Mungu ndiye ajuaye, na mwenye shaka azilipe.

Amour hakumshuku mtu. Aliishuku saa, kisha akajishuku mwenyewe, kisha akafikiri labda waya wa chini ya bahari umeleta wakati mbovu. Ndipo alipokwenda ofisi ya simu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kumwuliza Darwesh. Bawabu wa pale, mtu wa Makunduchi aitwaye Jaku, alimtazama kwa mshangao.

"Darwesh yupi, bwana? Yule karani? Huyo kapunguzwa kazi tangu mwisho wa kipupwe. Hajakanyaga hapa."

"Hata Ijumaa? Kuja kuipanga saa yake?"

"Hata Ijumaa."

Amour alirudi nyumbani. Alimwuliza Nunu kama aliwahi kumwona Darwesh karibu na saa peke yake.

"Kila Ijumaa," Nunu alisema. "Wewe ukenda kutawadha au kuniitia kahawa, yeye husimama pale na saa yake mkononi, anakizungusha kile kifungo chake. Namwona kwa pazia. Nlidhani anaitia ufunguo."

Amour akakaa chini. Darwesh aliipanga ya mfukoni kwa ile kubwa; saa yake ilikuwa ikipimwa kwa yenyewe. Ndiyo maana haikukosea hata nukta moja. Alikumbuka jinsi alivyofurahi, jinsi alivyomkumbatia yule mtu mbele ya wali, akaona aibu ya furaha ile kuliko aibu ya baraza.

Alimkuta Darwesh kwake Malindi akishona kofia, kazi iliyokuwa ikimlisha kwa siri. Mkewe Hamda alikuwa nyuma ya pazia akiosha vyombo.

"Nani kakwambia?" Darwesh aliuliza, kabla hata hajaambiwa neno.

"Jaku wa mlangoni."

Darwesh aliendelea kushona kidogo. "Mwanzo ilikuwa Ijumaa moja tu. Nlisema ya pili ntakwambia. Nkapanda ngazi, wewe uko juu unanngoja na ile chupa yako. Nkashindwa. Ningesema nini? Kwamba sina kazi, sina wakati wa kukuletea, nimekuja kula tu?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ungekula pale pale, sahani ile ile."

"Ungenionea huruma."

"Na mimi ulinionea nini?"

Darwesh alivuta uzi mpaka mwisho.

"Maalim alipokuja," Amour alisema, "ulikuwapo. Tumekaa mkeka mmoja. Ulinsikia nkimwahidi."

"Nlisikia."

"Na tende je?"

"Tende gani?"

"Usinifanye mtoto, Darwesh. Kila jioni sote tunakula, wewe tende umeishika mkononi. Nlikuona. Nlidhani unaleta dua. Huitii kinywani mpaka msikiti mwingine uadhini. Saumu yako uliilinda."

Sindano ikasimama. Nyuma ya pazia vyombo navyo vikanyamaza.

"Sikujua kama imepotea," Darwesh alisema polepole. "Wallahi sikujua. Nlijua tu kwamba haikupimwa."

"Basi hilo lilikutosha wewe usile. Sisi tukala."

Amour alisimama. Akavaa makubadhi yake akatoka.

Amour hakumtaja Darwesh kwa mtu yeyote mtaani. Aliyemwuliza alimwambia saa ilikosea, naye alikosea kuiamini, na watu wakabaki na maneno hayo. Siku ya Idi Hamda alikuja kumwombea mumewe radhi, na Amour alisema amemsamehe, mbele ya Nunu, kwa sauti ya kusikika. Alisema kweli, au alitaka iwe kweli. Lakini Ijumaa hakumwita tena, na walipokutana njiani walipeana salamu kamili na kila mtu akashika njia yake. Yeye mwenyewe alizilipa siku zote za mawingu, mfululizo, katika joto lililofuata. Nunu alifunga pamoja naye bila kuombwa.

Mkeka ule uliondolewa juu ya mstari wa adhuhuri. Sasa hakulibishia jua tena. Mwaka mzima aliangalia lini linatangulia na lini linakawia, mpaka akazijua tabia zake kama za jamaa wa nyumbani, na kwa hizo akaipima saa. Aligundua kwamba zebaki ilikuwa imezidi kidogo, akaipunguza. Aligundua kwamba nati ilihitaji kushushwa tangu siku ya kwanza kabisa ya zebaki, akaishusha. Maalim hakurudi kumwuliza wakati, wala yeye hakujitolea.

Kisha ikaja wiki moja ya kipupwe, na nyingine, na nyingine, saa haikutoka kwenye wakati wake. Alingoja joto lije liiharibu, joto likaja, saa ikalistahimili. Ilikuwa adhuhuri ya Ijumaa alipotambua kwamba jambo alilolitafuta tangu ujana limetimia, na safari hii kweli. Alivaa kanzu safi na kilemba, akatoka nje akitembea haraka, anatabasamu peke yake, akawapita watu bila kuwasalimu. Alikwishafika Malindi, alikwishaingia kichochoro cha Darwesh, alipouona ule mlango na kukumbuka.

Alisimama kidogo. Mtu mmoja aliyekuwa akipita alimwuliza kama anamtafuta mtu.

"Hapana," Amour alisema. "Nimepotea njia tu."

Akanunua halua, akarudi Mkunazini, akala na Nunu.